Eusébio kulazwa Panteão ya Lisbon: ni heshima, au Ureno bado inamtumia?

Mleta mada

Wakuu, kwema? Juzi nilikuwa kwa kinyozi. Kijana mmoja akamtaja Eusébio, akamwita "yule Mreno mweusi wa zamani". Kinyozi akaitikia, na mimi nikanyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni. Nimerudi nyumbani bado linanikereketa, ndiyo maana nalimwaga hapa.

Kwa wadogo zangu ambao mpira mmeanzia kwa Ronaldo: Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa 25 Januari 1942 Mafalala, mtaa wa Waafrika wa nyumba za mabati na mbao katika mji wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Baba alikuwa Mzungu wa Angola, mfanyakazi wa reli. Mama, Elisa, Mwafrika wa palepale. Baba akafa kwa pepopunda mtoto ana miaka minane. Kijana akakua anacheza peku, mpira wa soksi zilizojazwa magazeti, hadi Desemba 1960 alipopandishwa ndege kwenda Lisbon kwa ajili ya Benfica. Mei 1962 ameshachukua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya: Real Madrid walipigwa 5-3 kule Amsterdam, mawili ya kwake. Mpira wa Dhahabu mwaka 1965. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1966 kwa magoli tisa. Timu ya taifa ya Ureno, mechi 64, magoli 41. Alifariki 5 Januari 2014, Ureno ikaomboleza siku tatu, na 3 Julai 2015 mwili wake ukahamishiwa Panteão ya Taifa. Ni mwanasoka wa kwanza kulazwa humo.

Sasa hoja. Panteão ni lile kanisa la zamani la Santa Engrácia ambamo Ureno huwaweka watu ambao ingependa dunia iwatazame na kusema "hawa ndio Wareno". Wamo marais, wamo waandishi. Na kuna makaburi matupu ya kumbukumbu, ya wakubwa waliozikwa kwingine: Vasco da Gama, Infante Henrique, Afonso de Albuquerque. Huyo Albuquerque, kwa wasiojua, ndiye aliyepita pwani hii na Tristão da Cunha mwanzoni mwa karne ya 16, Barawa ikateketezwa. Mtoto wa Mafalala analala chini ya kuba moja na kumbukumbu ya hao.

Mimi nasema Eusébio aliibiwa akiwa hai na ameibiwa tena akiwa maiti. Alipozaliwa, Msumbiji ilikuwa na sheria ya indigenato: Mwafrika wa kawaida hakuwa raia, alikuwa "mwenyeji" wa kutumikishwa kazi za shokoa, labda apasi mitihani ya kuonyesha kwamba amekwisha kuwa Mreno wa kutosha, hapo aitwe assimilado. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1961, kijana ameshafika Lisbon. Yaani majirani zake wa Mafalala walikuwa si Wareno mpaka mmoja wao alipoanza kufunga magoli.

Naomba kuwasilisha. Mnaokuja na matusi, piteni mbali.

Chizi Mpira

Mpira wa Dhahabu 1965 ulichukuliwa na mtu aliyevaa jezi ya nani? Benfica. Mada imefungwa, tuzungumzie usajili wa msimu huu.

Beki Tatu

Chizi, tulia kidogo, hii ni mada ya watu wazima.

Mleta mada, umenichekesha na kinyozi wako. Unajua Benfica walimjuaje Eusébio? Inasimuliwa kwamba kocha wao, Mhungaria Béla Guttmann, alikuwa kwenye kinyozi Lisbon akakutana na Mbrazili Bauer aliyekuwa ametoka ziara ya Afrika. Bauer akamwambia kuna kijana Lourenço Marques si wa kawaida. Kwa hiyo kila la Eusébio linaanzia kwenye kiti cha kinyozi.

Lakini "Mreno mweusi" tusimlaumu sana yule kijana. Kikosi cha Ureno cha 1966 nahodha wake alikuwa nani? Mário Coluna, wa Msumbiji. Beki wa kushoto Hilário, wa Mafalala hiyohiyo. Beki wa kati Vicente Lucas, Lourenço Marques. Pamoja na Eusébio, Wasumbiji wanne, na ndio uti wa mgongo wa timu. Mtu anayetazama picha ile bila kusoma historia ataona Wareno weusi, basi.

Mkazi wa Lisbon

Salaam kutoka huku kwenye milima saba. Nimeishi mji huu miaka kumi na moja, jikoni za watu, hivyo mnisamehe nikiandika kwa pupa kati ya zamu mbili.

Mleta mada, neno "aliibiwa" ni tamu mdomoni ila halikai vizuri. Eusébio mwenyewe alisimulia jinsi ilivyokuwa. Alikuwa anachezea Sporting ya Lourenço Marques, tawi la Sporting ya Lisbon, na hao wakubwa wa Sporting walitaka aende tu kwa majaribio. Benfica walikwenda nyumbani kwa mama yake. Wakaweka dau mezani. Kaka yake akasema hapana, ongezeni mara mbili. Wakaongeza. Mama akasaini na fedha akapokea mama. Sasa hapo mwizi ni nani? Hiyo ni familia ya mjane iliyojua thamani ya mtoto wao na ikafanya biashara kwa akili. Ukisema aliibiwa unamfanya Mama Elisa mjinga, na mjinga hakuwa.

Pili, hiyo Panteão. Unaongea kana kwamba Wareno walikaa kikao cha siri wakamteka maiti. Wapi! Mwanzo wenyewe waligombana. Spika wa Bunge, Assunção Esteves, alipoulizwa tu alianza na habari ya gharama, watu wakamrukia. Mário Soares, rais wa zamani, mtu mkubwa wa demokrasia yao, akasema marehemu alikuwa mtu mwema lakini wa elimu ndogo. Mnasikia hiyo? Wasomi ndio waliosita. Waliomsukuma Eusébio hadi Panteão ni watu wa daladala na mabanda ya samaki. Siku ya mazishi, Januari 2014, mvua inanyesha kama imetumwa, jeneza likazungushwa uwanja wa Luz, ule wa Benfica, kama alivyoomba mwenyewe, watu wamelowa hawaondoki. Akazikwa makaburi ya Lumiar. Kuhamia Panteão kulikuja mwaka uliofuata.

Na hao mnaowaona Wareno wanaithamini sana Panteão yao, mwaka 2017 waliruhusu wageni wa mkutano mkubwa wa teknolojia wale chakula cha jioni humohumo ndani, katikati ya makaburi. Nchi nzima ikachafuka. Waziri mkuu akasema ni utovu wa heshima. Mimi nilisema moyoni, angalau Eusébio siku hiyo alipata wageni.

Raia Pacha

Hii yote ni ushahidi kwamba uraia pacha uruhusiwe.

Beki Tatu

Kila mada wewe ni uraia pacha. Hata tukijadili bei ya vitunguu.

Mwalimu Bi Historia

Asanteni wote. Naomba niingie, maana mnazungumza kama vile kuna mpira tu.

Fainali ya Amsterdam ilikuwa 2 Mei 1962. Chini ya miezi miwili baadaye, 25 Juni 1962, hapa Dar es Salaam, FRELIMO inaundwa. Eduardo Mondlane anachaguliwa kiongozi. Septemba 1964 risasi za kwanza zinalia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma tu hapo. Kwa hiyo Julai 1966, Eusébio anapovaa jezi nyekundu ya Ureno pale Uingereza, nchi hiyo iko vitani na nchi aliyozaliwa, mwaka wa pili. Na februari 1969, Mondlane anauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, Dar es Salaam. Mwaka huohuo Eusébio alikuwa kileleni mwa umaarufu. Sijawahi kuona popote alipofungua kinywa.

Simlaumu. Nasema tu lazima tulitaje. Salazar, dikteta wa Ureno, alikwisha badilisha majina tangu 1951, makoloni hayakuitwa makoloni tena, yaliitwa mikoa ya ng'ambo. Ulimwengu ukimwambia "ondoka Afrika", anajibu: sisi hatuna makoloni wala ubaguzi, sisi ni taifa moja la rangi nyingi kutoka Minho mpaka Timor. Alihitaji picha ya kuonyesha. Kulikuwa na picha gani nzuri kuliko Eusébio? Kwa hiyo kumuita mfano tu wa kipaji ni kutoona nusu ya mechi.

Mpeni jirani yake huyu mmlinganishe. José Craveirinha, mshairi, mtu wa Mafalala pia. Naye baba Mreno, mama Mwafrika. Naye alipenda michezo, aliandika habari za michezo magazetini. Lakini yeye aliandika na mashairi ya kuikataa hali ile, na miaka hiyohiyo ya sitini Eusébio anashangiliwa Lisbon, PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walimfunga Craveirinha gerezani. Mtaa mmoja, damu mchanganyiko ileile, mmoja ndani ya uwanja, mmoja ndani ya selo.

Chizi Mpira

Mwalimu, shikamoo. Ila mchezaji ni mchezaji. Ungetaka afunge goli halafu ainue ngumi? Mwaka 1966?

Mwalimu Bi Historia

Marahaba. Sikutaka ainue ngumi. Kwanza angeinua tungemwona tena wapi? Utawala ule ulimuua Jenerali Humberto Delgado, Februari 1965, karibu na mpaka wa Hispania, kosa lake kubwa likiwa kugombea urais 1958 na kusema waziwazi angemfukuza Salazar. Jenerali mzima, Mzungu, mwenye medali. Seuze kijana wa Mafalala.

Na mwone maajabu: Delgado naye yumo Panteão, alihamishiwa 1990. Aliyeuawa na utawala na aliyetumiwa na utawala, jengo moja.

Mkazi wa Lisbon

Mwalimu, hilo la Delgado linanisaidia mimi, siyo wewe. Maana yake Panteão ya leo si ya Salazar. Ni ya Ureno iliyoupindua utawala wake, ile ya 25 Aprili 1974. Ureno ile ndiyo iliyomweka Delgado, ikamweka Amália Rodrigues mwimba fado mwaka 2001, ikamweka Eusébio 2015, na 2021 ikaweka jiwe la Aristides de Sousa Mendes, yule balozi mdogo wa Bordeaux aliyewapa wakimbizi wa vita viza kinyume cha amri ya Salazar na akafukuzwa kazi. Hiyo si orodha ya kumtukuza dikteta.

Mleta mada

Mkazi, umeandika vizuri lakini umeruka jambo. Amália na Eusébio ndio F mbili kati ya zile F tatu ambazo Wareno wenyewe wanazitaja wakizungumzia jinsi Salazar alivyowatuliza watu: Fado, Fátima, Futebol, yaani muziki, hija ya Bikira Maria na mpira. Ureno mpya imewachukua wale wale aliowaonyesha Salazar, ikawapangusa vumbi, ikawaweka ndani. Tofauti ni kwamba sasa haisemi tena kwamba walionyeshwa.

Hata mwenyewe Eusébio alisimulia kuwa Salazar alimwita mali ya taifa, akakataa asiuzwe Italia. Mali! Mtu mzima anaitwa mali, na babu zake wa upande wa mama ni wa nchi ambayo watu wake waliuzwa utumwani kwa meli za haohao.

Beki Tatu

Hapo tuwekane sawa, maana hiyo hadithi ya Italia ina pande mbili, na upande wa pili ni mtamu zaidi.

Turudi 1966. Mnakumbuka Afrika haikuwepo kabisa kwenye Kombe la Dunia lile? FIFA ilitaka bingwa wa Afrika acheze tena na bingwa wa Asia kugombea nafasi moja. Ghana ya Nkrumah ikasimama mbele, Afrika nzima ikagoma. Ile nafasi ikabaki kwa Asia na Oceania, na Korea Kaskazini wakaichukua kwa kuwafunga Australia mechi mbili Phnom Penh. Korea hao wakafika Uingereza wakaitoa Italia 1-0. Dunia ikashika mdomo. Robo fainali, Korea wanakutana na Ureno uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Dakika ishirini na tano, Korea 3, Ureno 0. Halafu Eusébio akaamka. Manne, mfululizo, mawili ya penalti. Ikaisha 5-3.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Mwafrika bora wa mashindano yale aliiua timu iliyokalia kiti kilichoachwa wazi na Afrika. Mimi hilo nikilifikiria sipati usingizi.

Na la Italia: baada ya aibu ya Korea, Waitalia wakafunga mlango, wachezaji wa kigeni marufuku kusajiliwa. Inter walikuwa wanamtaka Eusébio. Kwa hiyo mwaka ule aliyemzuia siyo Salazar peke yake, ni shirikisho la Italia pia, kwa sababu ya Wakorea ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewatoa. Maisha haya.

Chizi Mpira

Beki Tatu umenimaliza. Naenda kuitafuta hiyo mechi.

Mleta mada

Nami nakubali, la Italia nililibeba juujuu. Na Mkazi, lile la Mama Elisa na kaka yake kudai mara mbili limenigusa, sikulijua. Neno "aliibiwa" nalirudisha mfukoni.

Ila sijamaliza. Kijana wa miaka 18 anafika Lisbon, Sporting wanalalamika ni wao, Benfica wanamficha hoteli ya Algarve mpaka mambo yapoe, wanamtaja kwa jina la siri la kike, Ruth Malosso, ili wapinzani wasimfuatilie. Sawa, mama alisaini. Lakini ulimwengu ambamo mkataba ule ulisainiwa, nani aliupanga? Mama wa Mafalala alikuwa na milango mingapi ya kubisha? Coluna alipita mlango huo huo, Hilário huo huo, Vicente huo huo. Kipaji cha Msumbiji kilikuwa na njia moja ya kutoka na ilikuwa inaishia Lisbon.

Mwalimu Bi Historia

Umemtaja Coluna, ngoja nimalizie kwake. Coluna ndiye aliyempokea Eusébio Lisbon, Mama Elisa alimwandikia barua amtunzie mwanawe, na Coluna akamtunza kweli: fedha zake, mavazi yake, nyumba. Wachezaji walimwita "Mnyama Mtakatifu". Nahodha wa Ureno 1966. Uhuru ulipokuja 25 Juni 1975, Coluna alirudi Msumbiji, akafundisha, akaongoza shirikisho la mpira. Alifariki Maputo Februari 2014, wiki saba tu baada ya Eusébio.

Eusébio alibaki Ureno. Naona watu wengi hutumia hilo kumpima: huyu mzalendo, yule la. Mimi sitaki kipimo hicho. Ila mtazame ile "mali ya taifa" ilivyotunzwa. Mwaka 1975 anatoka Benfica, goti limeshapasuliwa mara kadhaa. Anakwenda Marekani, Boston, kisha Toronto ya Kanada ambako anachukua ubingwa 1976. Anarudi Ureno anacheza Beira-Mar, halafu Las Vegas, na baadaye União de Tomar ya Ureno, daraja la pili. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia, goti bovu, daraja la pili. Taifa lilikuwa wapi na mali yake? Baadaye ndiyo Benfica wakamrudisha, wakamfanya balozi, wakamjengea sanamu nje ya uwanja.

Mkazi wa Lisbon

Sanamu naipita nikienda kazini siku za mechi. Watu huifunga skafu shingoni. Wakati mwingine nakuta skafu ya Sporting imefungwa pia, na hakuna aliyeitoa.

Mwalimu, sina jibu kwa la União de Tomar. Lakini ukubali na wewe: wapo wachezaji wangapi wa Kiafrika waliochakaa leo, hapa kwetu, na hakuna hata klabu ya daraja la nne iliyowapokea? Tusiiulize Lisbon swali ambalo Dar hatujajibu.

Mleta mada

Kweli, lakini Dar haijajenga Panteão ikasema "tazameni tunavyowapenda".

Mkazi, wewe uko huko, niambie hili. Mwaka 2017 wakazi wa Lisbon walipiga kura kwenye bajeti shirikishi ya manispaa, wakachagua mradi wa kumbukumbu ya watu waliofanywa watumwa. Chama cha Waafrika wa huko, Djass, ndicho kilicholeta wazo. Akachaguliwa msanii wa Angola, Kiluanji Kia Henda, na kazi yake, shamba la miwa myeusi, ilitakiwa isimame Campo das Cebolas kando ya mto. Miaka ikapita. Mara sehemu haifai, mara utaratibu. Eusébio alihamishwa makaburini kwenda Panteão chini ya miezi kumi na minane tangu kufa kwake. Mwafrika mmoja anayefunga magoli anapata mlango haraka. Waafrika maelfu walioshushwa gati lilelile wanaambiwa wasubiri. Hapo ndipo ninaposema anatumiwa. Yeye si tatizo. Tatizo ni kwamba akiwepo yeye, hao wengine hawaulizwi.

Mkazi wa Lisbon

Hapo umenibana, sikatai.

Na nikuongezee chumvi. Wareno wana msemo, jambo lisiloisha wanaliita kazi za Santa Engrácia. Umetoka kwenye jengo hilihili la Panteão: walianza kulijenga 1682, wakalimaliza 1966. Mwaka wa magoli tisa, ndiyo. Sasa ile kumbukumbu ya watumwa imekuwa kazi za Santa Engrácia mpya, na rafiki zangu wa Cape Verde wanaitania hivyo hivyo, kwa Kireno, mbele ya Wareno.

Lakini sijaona kwa nini Eusébio alipe deni hilo. Kumwondoa au kumnung'unikia hakutainua muwa hata mmoja.

Raia Pacha

Narudia, angekuwa na pasipoti mbili...

Beki Tatu

Kaa chini.

Mmakonde wa Mtwara

Nimesoma toka juu kimya. Mimi si mwandishi, ila nina la kusema.

Marehemu baba yangu alivuka Ruvuma akiwa kijana, miaka ile ya mwanzo ya vita, na wengi walivuka hivyo. Aliishi upande huu mpaka uhuru, akabaki. Redio aliipenda kuliko chakula. Alikuwa anatuhadithia kwamba siku ya mechi ya Korea walikuwa wengi wamekaa kuizunguka redio moja, huku kwetu jioni inaingia, nusu yao ni watu ambao nyumba zao zilichomwa na askari wa Kireno. Korea walipofunga la kwanza walishangilia. La pili wakashangilia. La tatu wakacheza ngoma kabisa. Mreno anachinjwa!

Halafu Eusébio akafunga. Kimya. Akafunga tena. Baba anasema mtu mmoja akacheka kidogo. La tatu, la nne, wote wamesimama wanapiga kelele, na hakuna aliyekumbuka ni lini walibadilisha upande.

Nilimuuliza, kwa hiyo mlishangilia Ureno? Akanikasirikia. "Nimekwambia Eusébio." Nikamwuliza tena, lakini baba, Eusébio si alikuwa Ureno? Akazima redio, ile redio ya kweli iliyokuwa mbele yetu miaka mingi baadaye, akaenda kulala.

Chizi Mpira

Dah.

Mwalimu Bi Historia

Pole na mzee, kaka. Mungu amlaze pema.

Mleta mada

Amina. Kaka wa Mtwara, nilikuwa nimeandaa jibu refu la Mkazi, nimelifuta. Nafikiria nibadilishe na kichwa cha mada. Nimeandika kana kwamba lazima awe wa upande mmoja.

Mkazi wa Lisbon

Usibadilishe, mkuu. Kiache hivyo hivyo, kesho wataamka wengine watugombeze. Mimi zamu yangu inaanza sasa hivi.